Laini Isiyochomoleka

Honi ya lori ililia ndani ya jeneza, na waombolezaji wakatimua mbio.

Mpiga ngoma aliiruka ngoma yake mwenyewe. Shangazi mmoja mnene, aliyekuwa akilalamikia magoti tangu asubuhi, alionekana ameshafika barabarani. Mchungaji alibaki, lakini nadhani ni kwa sababu kanzu yake ilinasa kwenye kiti cha plastiki.

Niliwaacha hapohapo wiki iliyopita, na mmenitukana vya kutosha. Basi niwatulize. Hapakuwa na mzimu. Tena heri ungekuwa mzimu, maana mzimu huongeleshwa ukasikia. Kilichokuwa kikilia ni simu ya marehemu Boadu, dereva wa lori la viazi vikuu, iliyofungiwa naye jenezani. Mlio wake ulikuwa honi ya lori lake, na hakuna mtu hapa Nkoranza asiyeijua honi ile. Aliyekuwa akiipigia ni binti yake, Dufie, aliyesimama katikati ya ua kwa nguo zake nyeusi na nyekundu, simu sikioni, mdomo wazi.

Alikuwa akijaribu tu. Mama yake, Maame Afrakoma, alishika kitochi chake, simu ndogo ya vibonyezo, na ndani ya kitochi ilikuwamo kadi iliyochomolewa kwenye simu ya marehemu. Dufie alipiga namba ya baba yake ili kitochi kiite na moyo wa mama utulie. Kitochi kilikaa kimya kama hakijui kitu. Jeneza ndilo lililoitika.

"Kata! Kata hiyo simu!" alipiga kelele Kusi.

Dufie akakata. Honi ikanyamaza. Watu wakaanza kuchungulia kutoka nyuma ya maturubai.

"Kusi," Dufie alisema, "simu ya baba iko wapi?"

"Unauliza unachokisikia? Iko naye. Nimemwekea mkononi alfajiri, kabla hawajagongelea misumari. Tena nimeichaji ikajaa. Mjomba asafiri bila simu? Angenisumbua ndotoni."

Huyu Kusi ni mtoto wa dada yake marehemu. Kwa hiyo kwetu ndiye mrithi, wa lori na wa kila kitu. Wengi walimsema ana tamaa. Mimi nilimwona alfajiri ile akilia kama mtoto, na simu ile aliiweka kwa mapenzi.

"Na laini?"

"Laini nimechomoa! Mimi mjinga? Nimechomoa kadi nikampa Maame mkononi, mbele ya mashahidi. Nani asiyejua? Simu inazikwa, laini inabaki."

Hapo alisema kweli. Siku hizi mtu wetu akifa na simu anayoipenda, huenda nayo, ila kadi hubaki kwa walio hai. Tumeshazika hivyo walimu, wauza nyanya na kocha mmoja wa mpira. Hakuna aliyewahi kujuta.

Dufie alifungua kitochi cha mama yake, akatoa kadi, akaitazama. Akaigeuza upande wa pili.

"Hii ni ile laini ya bando," alisema taratibu. "Aliyokuwa akiangalizia mpira. Siyo namba yake."

"Namba yake iko wapi sasa?" mama akauliza.

"Haina kadi, Mama."

"Laini isiyo na kadi ni laini ya namna gani?"

"Ya kidijitali. Imeandikwa ndani ya simu yenyewe. Haichomoki."

Maame Afrakoma alimtazama mwanawe, akatazama jeneza, akamtazama tena. Kisha akakaa chini kwenye mchanga, na nguo yake mpya ya msiba.

Ngoja niwaambie ilivyokuwa, msije mkamlaumu binti bure. Mwaka jana, kituo cha malori Kumasi, kibaka alimpora Boadu simu, akachomoa kadi akaitupa mferejini. Ilimchukua mzee muda kuirudisha namba yake, na muda huo wote mtu fulani, aliyekuwa bado njiani, alikuwa akipiga bila kumpata. Dufie anauza simu sokoni Techiman. Ndiye aliyemwambia baba yake: hamia laini ya kidijitali. Hakuna kadi ya kupotea, hakuna ya kuvunjika. Mwizi akiiba simu hawezi kuitoa laini akaitupa, nawe unaweza kuifuatilia. Mzee alifurahi akapiga paja. "Laini isiyochomoleka! Hiyo ndiyo saizi yangu!" Ulikuwa ushauri mzuri. Ningeshauriwa mimi, ningekubali. Walifikiria wizi, wakafikiria mvua na simu kuanguka chooni. Kifo hakikumjia mtu akilini.

"Mimi nilisema!" jirani mmoja akapaza sauti kutoka kwenye kundi. "Kitu usichoweza kukishika si kitu!"

"Mbona sauti yako hatuishiki na unatusumbua nayo?" mwingine akamjibu.

"Mimi kadi yangu naiona kwa macho. Nikitaka naihamishia kwenye simu ya mke wangu sasa hivi."

"Ndiyo maana mkeo anajua siri zako zote!"

Wakacheka, Mungu awasamehe. Walikuwa hawajajua.

Na kwa kuwa wasomaji wapya nanyi hamjui, acha niseme upesi. Maame Afrakoma ana mtoto wa kiume mmoja, Asiedu. Aliondoka kama wanavyoondoka vijana wengi wa huku, akapita Agadez, akaingia jangwani, akashikwa Libya. Yuko kwenye nyumba yenye lango la chuma pamoja na wenzake. Simu zao zote walinyang'anywa. Kila Jumamosi, adhuhuri, mlinzi hutoa simu yake na kumwambia kila mmoja: taja namba. Ambaye ndugu zake wanapokea, anabaki, maana ana watu wa kumkomboa na jambo lake linazungumzika. Ambaye hakupokelewa huhesabiwa hana mtu. Hupakiwa kwenye lori na kuuzwa mbele, huko ndani ya jangwa. Hakuna aliyewahi kupiga simu akiwa huko.

Namba ya mlinzi hufichwa. Huwezi kumpigia wewe. Unangoja yeye.

Na Asiedu ana namba moja tu kichwani. Namba ya dada yake hakuwahi kuijua, ilikuwa kwenye simu kwa jina "Dufie". Ya mama vilevile, na mlinzi hukata simu kabla ya kufundishana nyingine. Lakini ya baba ilichorwa kwa rangi nyekundu nyuma ya lori, na Asiedu tangu akiwa mdogo alikuwa akiliosha lori lile kila Jumapili huku akiiimba namba kama wimbo wa kanisani.

Siku ya mazishi ilikuwa Jumamosi, na jua lilikuwa linakaribia utosini.

"Karatasi!" Maame Afrakoma aliruka kutoka mchangani. "Ile karatasi! Ipo!"

Alikimbilia ndani, akarudi na Biblia, na katikati ya Zaburi akatoa karatasi yenye vimiraba vyeusi, ile waliyopewa siku laini inaingizwa. Boadu aliipeleka ikafunikwa kwa plastiki isiharibike. Ilimetameta juani.

"Baba yako aliniambia niitunze kama roho yangu. Ichukue. Iingize kwenye simu yako."

Dufie aliielekezea kamera. Kusi akamshikia karatasi. Simu ikasoma, ikafikiri, duara dogo likazunguka na kuzunguka. Watu walikusanyika mabegani mwao. Mwombolezaji mmoja akaanza kusali.

Msimbo huu umekwisha kutumika.

"Maana yake nini?" mama akauliza.

"Ni kama tiketi ya basi, Mama. Ukishapandia, haikupandishi tena."

"Sasa mbona alinitunzisha?"

Dufie akamrudishia karatasi. Akapiga huduma kwa wateja. Muziki ulimchezea sikioni, muziki wa furaha, watu wanacheka humo. Mwishowe akatokea kijana mwenye sauti ya asali.

"Mwenye laini yupo hapo, dada?"

"Yupo."

"Vizuri sana. Aje ofisini na kitambulisho, atazame kamera mara moja tu, tunamrudishia laini kwenye simu nyingine."

"Hawezi. Amefariki."

"Oh. Poleni. Basi mtaleta cheti cha kifo, na barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mali. Jumatatu tupo wazi."

"Kaka yangu atapiga leo. Atapiga sasa hivi. Nielekezee simu zake zije kwangu, leo tu."

"Siwezi, dada. Wezi wa namba ndivyo wanavyosema. Kila siku mtu kafiwa." Akasita kidogo. "Lakini ile simu ya marehemu haijaibiwa?"

"Tunayo. Tunaiona ilipo."

"Si basi! Mbona mnajitesa? Laini iko humo humo. Ichukueni mpokee. Kuna jingine naweza kukusaidia?"

Hapo ndipo kila mtu aligeuka kumtazama Mzee Nsiah.

Mzee Nsiah ndiye mkuu wa ukoo wa marehemu. Alikaa kwenye kiti cha mbele, nguo imetupwa begani, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa amesikia kila kitu. Alitikisa kichwa kabla hajaombwa.

"Babu," Dufie alipiga magoti. "Tunaomba lifunguliwe. Mara moja tu. Tunachukua simu, linafungwa."

"Tumeshamuaga. Tumeshamimina kinywaji, tumemwambia nenda salama usiangalie nyuma. Sasa tumgongee mlango tumwambie, samahani, tumesahau simu?"

"Ni kwa ajili ya Asiedu."

"Asiedu ni nani katika ukoo huu?"

"Ni mwanawe!" Maame Afrakoma alipaza sauti.

"Ni mwanawe, lakini si wetu. Asiedu ni wa ukoo wako, mama. Maiti hii ni ya ukoo wetu. Nenda kwa ndugu zako, wakufungulie jeneza lao."

Hiyo ndiyo sheria yetu: mtoto humfuata mama, na maiti ya baba humfuata mama yake yeye baba. Ina hekima zake. Nimeitetea mara nyingi mbele ya watu wa kuja wanaotucheka. Siku ile nilitamani kuitapika.

"Babu, hata mimi ninaomba," Kusi akasema. "Mimi ni wa ukoo."

"Wewe ndiye uliyeiweka. Nyamaza." Mzee akainua fimbo. "Wabebaji! Bebeni tuondoke. Kaburi linangoja."

Vijana sita wenye glavu nyeupe wakasogea. Wakainama. Wakashika vishikio.

Na Maame Afrakoma akala kiapo.

Alikula kile kiapo kikuu cha mji. Maneno yenyewe siyaandiki hapa, maana anayeyatamka hutozwa kondoo, na mimi sina. Aliyatamka wima, kwa sauti kavu, kila mtu akasikia: kwa kiapo kile, jeneza hili halitoki uani humu.

Wabebaji waliachia vishikio kana kwamba vina moto. Ngoma ikakoma. Kiapo kile kikishatamkwa, hakuna mtu wa mji huu anayeendelea na alichokuwa akikifanya. Shauri linakwenda ikulu ya chifu, na mpaka liamuliwe, kila kitu kinabaki palepale kilipo.

Maame Afrakoma akapumua. Alidhani ameshinda.

Mzee Nsiah akaketi polepole. Akaweka fimbo katikati ya magoti.

"Umesema mwenyewe," alisema. "Mimi nimetii. Sasa hakuna wa kulibeba, na hakuna wa kulifungua. Hakuna mkono utakaoligusa jeneza hili mpaka ikulu itusikilize."

"Mama," Dufie alinong'ona, "mama yangu, umefanya nini?"

"Nilitaka... nilitaka lisiende..."

"Ikulu hakuna mtu! Chifu na wazee wote wameenda msibani Wenchi. Watarudi kesho!"

Mama yule aliweka mikono kichwani. Maskini, alikuwa ametumia silaha kubwa kuliko zote tulizo nazo, nayo ikampiga yeye mwenyewe. Hakuna mgeni angeweza kufanya kosa lile. Mgeni angekimbilia jeneza na shoka. Ni sisi tu tunaojifunga kwa midomo yetu, tukakaa tukatii.

Kisha honi ikalia.

Safari hii simu ya Dufie ilikuwa mchangani, imelala kifudifudi, hakuna aliyeigusa. Honi ililia ndani ya mbao, nzito, kama lori linaloomba njia mbali barabarani. Hakuna aliyekimbia. Sasa kila mtu alijua ni nani anayepiga.

Wabebaji sita walisimama na mikono yao nyuma. Mchungaji alitazama chini. Mzee Nsiah alifumba macho. Watu wote wale, mji mzima wa watu, na hatua tatu tu kufika kwenye jeneza, na hakuna aliyenyanyua mguu. Na mimi nilikuwepo. Sikunyanyua.

Maame Afrakoma alitambaa mpaka karibu na jeneza, akasimamisha kiganja chake juu ya kifuniko bila kukigusa.

"Boadu," alisema. "Boadu, ni mwanao huyo. Pokea."

Honi ikalia.

"Boadu, mimi nimefungwa. Wewe hujafungwa. Nakuomba, baba Dufie, mpokelee mtoto."

Honi ikalia mara moja tena, ikakatika katikati.

 La kuvunda halina ubani, tunasema, na tunalisema kirahisi. Dufie hakulia. Alikaa tu akitikisa kichwa kama mtu anayekataa chakula.

Hapo ndipo nikaona kwamba Kusi hayupo.

Alikuwa nyuma ya nyumba, lilikoegeshwa lori. Alirudi ameshika mtaimbo wa kubandulia matairi, machozi na kamasi usoni, hakujali kujipangusa.

"Kusi!" Mzee Nsiah alisimama. "Kuna kiapo!"

"Nitalipa kondoo."

"Nisikilize vizuri. Ukitia chuma kwenye jeneza la mjomba wako, huli urithi wake. Lori si lako. Namtaja mwingine leo hii, mbele ya watu hawa."

Kusi akasimama. Aligeuza shingo akalitazama lori. Lilikuwa lori zee, lakini linatembea, na yeye hakuwa na kitu kingine duniani. Nyuma yake namba ile bado ilisomeka, nyekundu, imepasukapasuka kwa jua. Alichezesha midomo akaisoma kimyakimya. Naye aliliosha lori lile Jumapili, pamoja na Asiedu.

"Mpe unayemtaka," alisema, akapigilia mtaimbo chini ya kifuniko.

Mbao zililia. Wanawake wakafunika nyuso. Kifuniko kikang'oka upande mmoja, na Kusi akaingiza mkono ndani mpaka begani, uso ameugeuza pembeni, akisema, "Samahani Mjomba, samahani, samahani." Akatoa simu.

Dufie aliidaka. Ilikuwa baridi. Kwenye kioo: simu mbili hazikupokelewa, ya Dufie na moja nyingine. Namba imefichwa.

"Mpigie!" watu wakapiga kelele.

"Namba imefichwa! Na simu imefungwa, sijui namba yake ya siri!"

"Tumia kidole cha marehemu!"

"Kidole cha maiti hakifungui kitu! Nyamazeni!" Dufie aliishika simu kwa mikono miwili. "Ikiita tu. Ikiita, kupokea hakuhitaji namba ya siri. Iite tu. Mungu wangu, iite."

Wakangoja. Mzee Nsiah alikuwa ameshawatuma watu kuandika makosa. Hakuna aliyemsikiliza. Nzi walianza kusogelea jeneza, na shangazi mmoja akawa anawafukuza kwa kitambaa, taratibu, kama anampepea mgonjwa.

Honi ikalia.

Dufie karibu aiangushe. Maame Afrakoma alimpokonya, akatelezesha kidole, akabana simu sikioni. Kelele ya uani ilikuwa kubwa, akaingia na simu ndani, akafunga mlango, akaegemea ukuta. Yaliyosemwa humo alinisimulia baadaye.

"Asiedu! Asiedu, mwanangu!"

Mtu anahema. Halafu sauti ya kijana, ya chini, ya haraka.

"Mama, mimi si Asiedu. Usikate! Nakuomba usikate. Mimi Takyi, mtoto wa Kintampo. Nalala ubavuni mwake."

"Yuko wapi?"

"Alipiga, Mama. Haikupokelewa. Wamempandisha."

 Aliteleza ukutani mpaka chini.

"Waambie nipo! Waambie nimepokea, tulikuwa... waambie baba yake amekufa, ndiyo maana! Lori limeshaondoka?"

"Bado. Liko langoni, nalisikia linaunguruma. Mama, nisikilize kidogo tu. Mimi sina namba ya mtu. Namba za nyumbani zote zilikuwa kwenye simu yangu, wakaichukua. Hii yako naijua kwa sababu Asiedu anaiimba. Kila siku anaiimba, hata sisi wengine tumeishika. Wakijua sina mtu, na mimi napanda. Mama, nakuomba. Sema mimi ni..."

Simu ikapokonywa. Sauti nyingine ikaja, nene, ya mtu anayeokota maneno mojamoja.

"Wewe mama?"

"Ndiyo! Mimi mama! Baba, nakuomba, huyo mliyempandisha kwenye lori..."

"Mama ya nani? Sema jina. Jina moja."

Ewe msomaji unayekunywa chai yako, ungesema nini? Usinijibu. Yeye hakupewa hata muda wa kumeza mate.

"Asiedu!" alipiga kelele. "Asiedu Boadu! Mtoto wangu ni Asiedu! Yuko kwenye lori, mshushe, yuko kwenye lori!"

Lakini mlinzi alikuwa na maneno machache ya kwetu, na yaliyozidi jina yalimpita. Alilirudia jina lile polepole kama anayeonja chumvi. Kisha sauti yake ikaenda mbali kidogo na simu, akimgeukia mtu aliye mbele yake.

"Wewe, Asiedu?"

 Maame Afrakoma alisikia mtu akivuta pumzi.

"Wewe, Asiedu?"

"Ndiyo," ikajibu sauti ya yule kijana. "Ndiyo. Mimi Asiedu."

"Hapana," alisema Maame Afrakoma. "Hapana, siyo yeye..."

Nyuma ya sauti zao kulikuwa na muungurumo. Maame Afrakoma ameishi na dereva tangu ujana wake. Alikuwa akilala macho kila alfajiri akimsikiliza mumewe akiondoka na viazi, na aliweza kusema kwa sikio tu amefika kona ipi. Alisikia breki ikiachiwa. Akasikia gia ya kwanza, kisha ya pili, kisha muungurumo ukawa mdogo.

"Sawa, mama," mlinzi akasema. "Mtoto wako yupo. Jumamosi nyingine, pokea."

Simu ikakatika.

Mlango ukasukumwa. Dufie aliingia, na nyuma yake Kusi, bado ana mtaimbo mkononi, na nyuma ya Kusi nyuso za nusu ya mji.

"Mama! Wamesemaje? Yupo?"

Maame Afrakoma aliiweka simu mapajani. Akakifuta kioo chake kwa pindo la nguo, ingawa hakikuwa na uchafu.

"Wamesema yupo," akajibu.